Kabla Hujaviamsha Viini Vyote

Ukiendesha programu ya hesabu nzito halafu ukafungua htop, au Task Manager kama unatumia Windows, mara nyingi utakuta kiini kimoja cha prosesa kimefika asilimia mia na vingine saba vimekaa tu. Wazo linalokuja upesi ni kwamba sehemu kubwa ya mashine uliyoigharamia inalala bure, na dawa yake ni kuviamsha viini vyote. Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba kuviamsha ni hatua ya mwisho, na kwamba ukishafika hapo kazi yenyewe ni uamuzi mmoja: nani atagawa hesabu, na ataigawia wapi. Sababu yake ni rahisi. Prosesa ya viini vinane haiwezi kukuharakishia kazi zaidi ya mara nane, na kwa kawaida hukupa pungufu ya hapo. Kuandika hesabu ileile kwa namna nyingine kunaweza kukupa mara mia, pengine elfu, kwa kiini kilekile kimoja. Anayeanza na viini hujikuta ameisambazia mashine nzima kazi ambayo haikupaswa kuwepo.

Tuchukue mfano mmoja tuende nao. CHIRPS ni mkusanyiko wa takwimu za mvua unaotayarishwa na Climate Hazards Center ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, pamoja na USGS ya Marekani. Unachanganya taarifa za setilaiti na vipimo vya vituo vya mvua, unaanzia 1981, na unaigawa nchi kavu katika miraba ya nyuzi 0.05, yaani kama kilomita tano na nusu kila upande. Wataalamu wa hali ya hewa na usalama wa chakula Afrika Mashariki wanautumia sana. Eneo linaloifunika Tanzania, tuseme longitudo 29 hadi 41 mashariki na latitudo 1 hadi 12 kusini, lina safu wima 240 na mistari 220, ambayo ni miraba 52,800. Siku za kuanzia 1981 hadi 2020 ni 14,610. Ukizidisha unapata namba 771,408,000: gigabaiti 3.1 kama kila namba inachukua baiti nne, na 6.2 kama inachukua baiti nane, ambacho ndicho kipimo NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, hukimbilia usipoiambia vingine. Unachotaka kujua ni kama mvua za Machi hadi Mei zinaongezeka au zinapungua katika kila mraba, na jibu hilo linaaminika kiasi gani. Kwa hiyo unajumlisha mvua za msimu kwa kila mwaka, unapitisha mstari wa mwelekeo katika nukta 40, kisha, ili kupima shaka, unachota miaka upya kwa nasibu mara 1,000 na kupitisha mstari upya kila unapochota.

Kazi hii ina hatua mbili zisizofanana hata kidogo, na htop haitakuonyesha tofauti yake. Saa itakuonyesha. Weka time.perf_counter() kabla na baada ya kila hatua, uandike muda pembeni, ndipo uanze kubishana na programu yako. Hatua ya kwanza, ya kujumlisha msimu, inasoma gigabaiti tatu na kufanya tendo moja tu juu ya kila namba. Diski ya kuzunguka husoma kama megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde, kwa hiyo kusoma peke yake ni sekunde 20 hadi 30. SSD ya SATA inayofikia kama 500 itamaliza kwa sekunde sita hivi. Kujumlisha kwenyewe kunakwisha karibu wakati uleule namba zinapofika. Viini vya ziada hapa havina cha kufanya ila kungoja diski pamoja na kile cha kwanza. Kama faili zako za data, za muundo wa NetCDF, zimebanwa, kuzifungua kunakula muda wa prosesa, na hapo kuupa kila mchakato (process) faili la mwaka wake kunasaidia kiasi. Lakini faida kubwa ya hatua hii iko kwingine: jumla za msimu ni namba 2,112,000 tu, megabaiti 17. Zihifadhi kwenye faili la .npy, na usiziguse tena zile gigabaiti tatu kila unapotaka kubadilisha kitu kidogo mwishoni mwa hesabu.

Hatua ya pili ndiyo inayowatuma watu kutafuta viini. Namna inayokuja kwanza ni mizunguko miwili, mmoja wa miraba na mwingine wa sampuli, na ndani yake np.polyfit. Hiyo ni miito milioni 52.8. Kila mwito, hata kwa nukta 40 tu, hutumia kama mikrosekunde 50, na nyingi ya hizo ni maandalizi: kukagua aina ya data, kutengeneza majedwali madogo, kuita maktaba ya chini. Jumla ni kama dakika 44. Ukigawa kwa viini vinane na kila kitu kikaenda sawa, utasubiri dakika tano na nusu, utafurahi, na utakuwa umeridhika mapema mno. Tazama kinachofanyika ndani ya mzunguko. Mteremko wa mstari wa mwelekeo ni mvua ya kila mwaka ikizidishwa kwa kizito chake, kisha yote yakajumlishwa. Na vizito hivyo vinategemea miaka iliyochotwa, havitegemei mvua. Ukichota miaka ileile kwa miraba yote, jambo ambalo kitakwimu ni bora kwa sababu mwaka wa ukame unabaki mwaka wa ukame kwa miraba iliyo jirani, vizito vyote ni jedwali moja la mistari 1,000 kwa safu wima 40. Mvua ni jedwali la mistari 40 kwa safu wima 52,800. Miteremko yote milioni 52.8 ni zao la majedwali hayo mawili, na katika Python unaiandika kwa herufi tatu na nafasi zake: W @ Y. Ndani yake mna matendo bilioni 4.2 hivi ya kuzidisha na kujumlisha, kazi ambayo kiini kimoja cha kisasa huimaliza kwa sekunde moja au pungufu. Sehemu nzuri ya muda huo inaishia kuandika jibu lenyewe, ambalo ni megabaiti 422.

Na hapo ndipo viini vinapojitokeza bila kuitwa. NumPy haizidishi matriksi yenyewe. Inaikabidhi kazi hiyo maktaba ya BLAS. Mpango wa BLAS ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1979, na ngazi yake ya tatu, yenye kuzidisha matriksi kwa matriksi, ilifuata mwaka 1990. NumPy unayoipakua kwa pip kwa kawaida huja na OpenBLAS, mtoto wa GotoBLAS ya Kazushige Goto; ya Anaconda mara nyingi huja na MKL ya Intel. Zote mbili huligawa zao la matriksi kwa viini vilivyopo bila wewe kuandika neno. Ukitaka kujua unayo ipi, iulize np.show_config(). Watumiaji wa R kwenye Windows waangalie zaidi, kwa sababu R inayopakuliwa CRAN huja na BLAS ya msingi inayotumia kiini kimoja. Kuibadilisha kunaweza kuwapa faida kubwa kuliko wiki nzima ya kuhangaika na mizunguko.

Kwa nini kuzidisha matriksi kunafaidi viini vingi, na kujumlisha majedwali mawili hakufaidi? Zidisha matriksi mbili za 4,000 kwa 4,000. Matendo ni bilioni 128, lakini namba zinazohusika, pamoja na jibu, zinajaza megabaiti 384 tu. Kila namba ikishaletwa karibu na prosesa inatumika maelfu ya mara kabla haijaachwa. Ukijumlisha jedwali na jedwali, kila namba inaletwa, inatumika mara moja, inaondoka. Njia moja ya RAM ya DDR4-3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde kwa makadirio ya karatasini, laptopu nyingi zina njia mbili, na njia hizo ni za viini vyote kwa pamoja. Ni ghala lenye mlango mmoja: ukishakuwa na wachukuzi wawili watatu wanaoujaza mlango, wa nne anapanga foleni. Ndiyo maana NumPy hujumlisha, huzidisha namba kwa namba na kutafuta sin kwa kiini kimoja. Dawa ya matendo ya aina hii ni kupunguza safari za kwenda RAM: tumia baiti nne pale usahihi wake unapotosha, na unganisha matendo kadhaa katika mpito mmoja kwa maktaba za Numexpr au Numba, badala ya kuiachia NumPy itengeneze jedwali la muda kwa kila alama ya kujumlisha.

Msomaji mkali atasema nimechagua mfano unaonipendelea, maana si kila hesabu inageuka kuwa zao la matriksi. Ni kweli. Chukua swali ambalo mkulima analijali kuliko mteremko: mvua zilianza lini kila mwaka? Kanuni ya kawaida ina masharti, kwa mfano siku ya kwanza ambapo mvua ya siku mbili mfululizo inafika milimita 20 na hakuna ukame wa zaidi ya siku kumi ndani ya siku thelathini zinazofuata. Hapa lazima utembee siku hadi siku, usimame, uangalie mbele, urudi. Hakuna matriksi itakayokusaidia, na Python ya kawaida itajikokota. Lakini hata hapa hatua ya kwanza si viini. Ni Numba, inayoigeuza funksheni yako kuwa lugha ya mashine, na ni mpangilio wa namba ndani ya kumbukumbu. Hili la pili ndilo watu hulisahau. Kama jedwali lako limepangwa siku kwanza, kisha mstari, kisha safu wima, basi kwa mraba mmoja namba ya leo na ya kesho zimeachana kwa baiti 211,200. Prosesa haichukui baiti nne peke yake kutoka kwenye RAM. Inachukua kipande cha baiti 64 kwa mkupuo. Wewe unatumia sehemu moja kati ya kumi na sita ya kila ulichosafirisha, na zinazobaki zinatupwa kabla hujazifikia. Viini vinane vikifanya hivyo kwa pamoja vinaziba njia ya RAM kwa takataka. Geuza jedwali mara moja liwe mraba kwanza, siku mwisho, kwa np.ascontiguousarray, ulihifadhi, ndipo utembee.

Baada ya hapo kuviongeza viini ni jambo la neno moja. Andika @njit(parallel=True) juu ya funksheni, badilisha range ya mzunguko wa nje iwe prange, basi. Nimesema mzunguko wa nje kwa makusudi. Una mizunguko mitatu, ya miraba, ya miaka na ya siku, na kishawishi ni kuugawa ule wa ndani kwa sababu ndiko kazi iliko. Lakini kila mgawo una gharama yake: kuigawia mikondo (threads) kazi, kusubiri wa mwisho amalize, kukusanya. Ukigawa kwa miraba unalipa gharama hiyo mara moja. Ukigawa siku unailipa zaidi ya mara milioni mbili. Tena mzunguko wa siku una utegemezi, leo inahitaji kujua ya jana, ilhali mraba wa Dodoma hauulizi chochote kwa mraba wa Mtwara. Unapotafuta pa kukata, tafuta mzunguko wa nje kabisa ambao raundi zake hazisemezani.

Ziko hesabu ambazo hazikubali kuandikwa upya, na hizo ndizo zinazostahili viini tangu mwanzo. Tuseme unataka kuendesha programu ya kuiga ukuaji wa mahindi katika kila mraba, kama DSSAT, iliyoandikwa kwa Fortran na watu wengine kwa miaka mingi. Huna sababu ya kuifungua. Ikichukua nusu sekunde kwa mraba, 52,800 ni saa saba na dakika ishirini kwa kiini kimoja, na chini ya saa mbili kwa viini vinne. Hapa tumia michakato, si mikondo: ProcessPoolExecutor ya Python, joblib, au kwa R kifurushi cha parallel, ukikumbuka kwamba mclapply haigawi kitu kwenye Windows. Michakato haishiriki kumbukumbu, na humo mna mitego inayomeza faida yote. Wa kwanza ni kuupa kila mchakato nakala ya data nzima: gigabaiti 6.2 mara nane ni karibu 50, na laptopu yenye RAM ya 16 itaanza kuandika kwenye diski hadi usiweze hata kusogeza kishale. Hifadhi jedwali kama .npy, na kila mchakato ulifungue wenyewe kwa np.load yenye mmap_mode="r"; mfumo endeshi utaweka nakala moja na wote wataisoma. Kinachopita kati ya mkuu na wafanyakazi wake kiwe namba ya mraba wakati wa kwenda, na jibu fupi wakati wa kurudi. Kwenye Windows na Mac, mwito wa kuanzisha michakato ukae chini ya if __name__ == "__main__", maana kila mchakato mpya husoma faili lako tangu juu, nao ungejaribu kuanzisha wake.

Mtego wa pili ni mgawo usio sawa. CHIRPS ni ya nchi kavu. Sehemu ya mashariki ya eneo letu ni Bahari ya Hindi, na miraba yake haina thamani. Ukikata ramani vipande vinane vya kaskazini-kusini, atakayepewa kipande cha baharini atamaliza akiwa hajaanza, naye wa Tabora atabaki akisota huku wenzake wameshalala. Ondoa miraba ya bahari kwanza, kisha gawa vifungu vidogo vidogo, tuseme miraba 200, na kila anayemaliza achukue kinachofuata. Utaratibu huo unasaidia pia kwenye prosesa za Intel za kuanzia kizazi cha 12, zilizotoka mwaka 2021, ambazo nyingi huchanganya viini vya kasi na viini vya kuokoa umeme. Ukigawa sawa kwa sawa kwenye mashine kama hiyo, muda wako wa kumaliza ni muda wa kiini kilicho dhaifu kuliko vyote.

Wa tatu ndio unaofichika zaidi, na ndio unaoeleza malalamiko mengi ya kwamba kazi iliyogawanywa inakwenda polepole kuliko ile ya kiini kimoja. Umeanzisha michakato minane. Ndani ya kila mmoja kuna kuzidisha matriksi. OpenBLAS ndani ya kila mmoja inahesabu viini, inaona vinane, inafungua mikondo minane. Sasa una mikondo 64 inayogombania viini vinane, na htop itakuonyesha kila kitu kimefika asilimia mia kwa fahari kabisa. Kabla programu haijaanza, weka OMP_NUM_THREADS=1, na OPENBLAS_NUM_THREADS au MKL_NUM_THREADS kulingana na ulichonacho. Iwe kabla ya import numpy, kwa sababu maktaba hizi huisoma amri hiyo zinapopakiwa. Ukihitaji kubadilisha katikati, kifurushi cha threadpoolctl hufanya kazi hiyo. Kanuni yake ni fupi: tabaka moja ndilo lenye viini. Ama BLAS inagawa na wewe unatulia, ama unagawa wewe na BLAS inatulia.

Kuna wanaoona kwamba mjadala wote huu ni ugonjwa wa Python, na kwamba dawa imeshafika. Python ina kufuli linaloitwa GIL, linaloruhusu mkondo mmoja tu kuendesha msimbo wa Python kwa wakati mmoja. Pendekezo la Sam Gross la kuliondoa lilikubaliwa mwaka 2023, na toleo la 3.13 la Oktoba 2024 lilikuja na namna ya majaribio isiyo na kufuli. Ni habari njema, hasa kwa wale ambao data zao ni kubwa na kuzinakili kwa michakato kunawaumiza. Lakini lipime kwa mfano wetu. NumPy hulifungua kufuli hilo yenyewe inapokuwa ndani ya hesabu nyingi kubwa, Numba inaweza kuambiwa ilifungue, na BLAS haijawahi kulijali. Kufuli halikuwa limeizuia W @ Y. Wala kuondoka kwake hakuongezi upana wa njia ya RAM, hakupangi upya jedwali lililokaa vibaya, na hakupunguzi ile miito milioni 52.8 ya polyfit.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande wa pili. Gene Amdahl alionyesha mwaka 1967 kwamba sehemu isiyogawika ndiyo inayoweka ukomo: kama kazi yako ya dakika 60 ina dakika sita za kusoma na kuandika zisizogawika, viini vinane vitakufikisha dakika 12.75, kumi na sita vitakufikisha 9.4, na hata ukipewa elfu hutashuka chini ya sita. Ukiisoma hivyo tu, unaweza kuona haina maana kununua mashine kubwa. John Gustafson alijibu mwaka 1988, akitumia matokeo ya mashine ya prosesa 1,024 ya maabara ya Sandia, kwamba watu wakipata mashine kubwa hawarudii kazi ya jana kwa haraka zaidi. Huongeza ukubwa wa swali. Yuko sahihi, na inafaa ujiulize wewe uko upande gani. Kama unataka jibu lilelile la Tanzania lirudi kabla ya chai, mwenye neno ni Amdahl, na dakika sita za kusoma ndizo za kushughulikia. Kama unataka kutoka Tanzania kwenda Afrika Mashariki yote, au kutoka sampuli 1,000 kwenda 100,000, sehemu inayogawika ndiyo inayokua, na viini vitakulipa vizuri. Ninachokiona mara nyingi ni watu wenye tatizo la Amdahl wanaonunua suluhisho la Gustafson.

Unapopima faida, mwamuzi ni saa ya ukutani. Kwenye Linux na Mac, amri ya time iliyowekwa mbele ya programu hukupa namba mbili za kulinganisha: real, ambayo ni muda uliosubiri, na user, ambayo ni jumla ya muda wa viini vyote. Real ikiwa sekunde 10 na user 38, umetumia wastani wa viini 3.8. Lakini user kubwa si ushindi, kwa kuwa mikondo inayosubiriana inaweza kuzunguka palepale ikihesabiwa kuwa inafanya kazi. Jaribu kwa kiini kimoja, viwili, vinne, vinane, ukiandika real tu, na simama pale ambapo kuongeza hakupunguzi. Usishangae kikomo kikiwa nne kwenye mashine inayosema ina nane: os.cpu_count() huhesabu viini vya kimantiki, na laptopu nyingi zina viini halisi vinne ambavyo kila kimoja hujitangaza mara mbili. Pia prosesa hupunguza kasi viini vyote vinapopata moto, kwa hiyo pima kwa dakika kadhaa, hasa mchana wa Dar es Salaam chumbani pasipo na kiyoyozi.

Majibu nayo yanahitaji kukaguliwa. Kujumlisha namba za desimali kwa mpangilio tofauti hutoa jibu linalotofautiana kwenye tarakimu za mwisho, kwa hiyo linganisha na jibu la kiini kimoja kwa np.allclose, si kwa alama mbili za sawa. Tofauti ya tarakimu za mwisho ni ya kawaida. Tofauti ya tarakimu ya tatu ni kosa, na mara nyingi ni mikondo miwili inayoandika mahali pamoja. Namba za nasibu zina hatari yake: mchakato unaozaliwa kwa kunakili mzazi hurithi pia hali ya mtambo wake wa nasibu, na unaweza kupata wafanyakazi wanane wanaochota sampuli zilezile. Matokeo yataonekana mazuri, shaka itaonekana ndogo, na itakuwa uongo. Kuanzia toleo la 1.17, NumPy ina SeedSequence, ambayo spawn(8) yake hutoa mbegu nane zisizohusiana; mpe kila mfanyakazi yake.

Yupo pia atakayesema muda wake una thamani kuliko wa kompyuta, na kwamba haya yote ni mengi kwa kazi itakayoendeshwa mara moja. Namuunga mkono. Kazi ya saa sita inayoweza kulala ikiendelea usiku haihitaji mwongozo wowote. Na kama unazo kazi zisizotegemeana, mikoa tofauti au miaka tofauti, namna ya bei nafuu kuliko zote ni kuiacha programu ya kiini kimoja ilivyo, ipokee jina la mkoa kutoka kwenye mstari wa amri, kisha uendeshe nakala nne kwa xargs -P 4. Hakuna maktaba mpya, na ikiharibika moja nyingine zinaendelea. Iwe kwa njia hiyo au kwa michakato ndani ya Python, andika jibu la kila kifungu kwenye faili lake mara linapokamilika, na mwanzoni mwa programu ruka vifungu ambavyo faili zake zipo. Umeme ukikatika saa tisa usiku utapoteza dakika chache badala ya usiku mzima. Kwenye seva ya chuo unayoshirikiana na wenzako, usiitegemee os.cpu_count() kabisa, maana itakutajia viini vya mashine nzima hata kama msimamizi amekupa vinne. Kwenye Linux uliza len(os.sched_getaffinity(0)), anzisha michakato isiyozidi namba hiyo, na utangulize nice kwenye amri yako ili wenzako waendelee kufanya kazi.